NT-proBNP, troponini, albumini na wenzake: kipimo kipi cha damu kinafaa kabla ya kubadilisha vali ya moyo?

Mtu anayesubiri kubadilishiwa vali ya moyo hutolewa damu mpaka mkono unachubuka. Vichupa vya kifuniko cha zambarau, cha njano, cha bluu. Kisha inakuja karatasi ya majibu yenye safu ya herufi na namba, nyingine zimewekewa mshale wa kupanda, nyingine wa kushuka. Familia inaishika karatasi na kuuliza swali moja: atapona? Damu haina jibu la ndiyo au hapana kwa swali hilo. Ina dokezo, na kila kipimo kinadokeza jambo lake. Kimoja kinazungumzia moyo uliochoka, kingine misuli ya moyo inayokufa, kingine mwili mzima ulioishiwa akiba.

Nimevilinganisha hapa kwa kigezo ambacho naona kina uzito kuliko vyote: jibu likirudi baya, kuna kitu mtakifanya tofauti? Kipimo kinachotabiri kifo kwa ukali lakini hakibadilishi chochote katika matibabu, mimi nakiweka nyuma ya kile kinachotabiri kwa wastani na kumpa daktari kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Mengi ninayoyasema yanahusu vali ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini) iliyokaza, kwa sababu ndiko tafiti nyingi zilikofanyika. Vali hiyo hubadilishwa kwa upasuaji wa kufungua kifua, au kwa kupitisha vali mpya ndani ya mshipa, mara nyingi kuanzia kwenye nyonga, njia inayoitwa TAVI. Daktari Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa. Wanaoipata wengi ni wazee, na kwa mzee damu husema habari za figo, lishe na umri kwa pamoja na habari za moyo. Ndiyo maana kusoma namba moja peke yake hupotosha.

Jambo jingine la kuweka wazi mapema: madaktari wana mizani yao ya kukadiria hatari ya upasuaji, maarufu zikiwa STS na EuroSCORE II. Katika EuroSCORE II, damu inaingia kwa mlango mmoja tu, kreatinini, inayotumika kukadiria kazi ya figo. Na mizani hizo zilitengenezwa kukadiria kifo cha siku na wiki zinazouzunguka upasuaji. Swali la kama mzee atakuwa hai baada ya mwaka mmoja au miwili ni swali jingine, na hapo ndipo vipimo vya damu vinapoongeza kitu.

BNP au NT-proBNP?

Chumba cha chini cha moyo kikivutwa na shinikizo kupita kiasi, seli zake hutoa protini moja ambayo hukatwa vipande viwili: BNP, yenye amino asidi 32 na inayofanya kazi mwilini, na NT-proBNP, yenye amino asidi 76, ambayo haina kazi inayojulikana ila inapimika vizuri. BNP iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, na ndiyo sababu herufi B kwenye jina lake inasimamia ubongo, ingawa chanzo chake kikuu ni moyo.

Kwa kutabiri uhai, viwili hivi havipishani sana. Vinapishana katika matumizi. BNP hupungua kwa nusu ndani ya dakika 20 hivi mwilini, na hata ndani ya kichupa huendelea kuvunjika. NT-proBNP hudumu saa moja hadi mbili mwilini na kwenye kichupa hutulia vizuri zaidi. Kama sampuli inasafirishwa kwenda maabara nyingine, chagua NT-proBNP. Kama mgonjwa anatumia dawa ya moyo kushindwa yenye sakubitrili na valisatani, chagua NT-proBNP vilevile, kwa sababu dawa hiyo huzuia BNP isivunjwe na kuipandisha hata pale moyo unapopata nafuu. Upande wa pili, figo zikiwa mbovu sana, vyote hupanda, na NT-proBNP hupanda zaidi kwa kuwa inategemea figo zaidi ili itoke.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kulinganisha namba ya kimoja na namba ya kingine. BNP ya 300 na NT-proBNP ya 1,500 zinaweza kuwa hali ileile ya moyo uleule. Mtu aliyepimwa hapa kwa BNP na pale kwa NT-proBNP anaweza kulia kwa kudhani amezidiwa mara tano ndani ya wiki moja. Ukishaanza na kimoja, endelea nacho.

Halafu kuna mwili wenyewe. Chukulia wazee wawili, wote NT-proBNP yao ni 1,800 pg/mL. Wa kwanza ana miaka 84, mwembamba, figo zimechoka, na mapigo ya moyo hayana mpangilio. Umri, figo na mapigo hayo, kila kimoja kingeweza kuipandisha namba hata kama vali isingekuwa mbaya kiasi hicho. Wa pili ana miaka 66, mnene, figo nzima. Unene hushusha namba hii, kwa hiyo 1,800 yake inatisha kuliko 1,800 ya mwenzake. Karatasi inaonyesha namba ileile, na mshale uleule.

Kwa hiyo miongozo ya kimataifa haikuchukua namba moja kwa wote. Mwongozo wa Marekani wa 2020 na wa Ulaya wa 2021 yote ilisema kwamba mtu mwenye vali ya aota iliyokaza vibaya lakini bado hana dalili, na hatari yake ya upasuaji ni ndogo, ni busara kufikiria kumbadilishia vali kama BNP yake imezidi kiwango cha kawaida mara 3. Wa Ulaya uliongeza kwamba kiwango hicho kirekebishwe kwa umri na jinsia, kipimo kirudiwe, na pasiwe na sababu nyingine inayoeleza kupanda huko. Hapa ndipo kipimo hiki kinapata heshima yangu: kinaweza kuamua lini. Kati ya vipimo vyote nitakavyovitaja, hakuna kingine kilichopewa nafasi hiyo katika miongozo yote miwili.

Troponini: kidonda ndani ya misuli

NT-proBNP husema moyo unavutwa. Troponini husema seli za misuli ya moyo zinapata madhara na kumwaga vilivyomo. Vipimo vya kisasa vyenye usikivu mkubwa hugundua kiasi kidogo mno. Kwa troponini T, mpaka wa kawaida ni 14 ng/L. Wazee wengi wenye vali iliyokaza vibaya wako juu kidogo ya hapo kila siku, bila mshtuko wa moyo wowote. Misuli imenenepa kwa kusukuma dhidi ya mlango uliobana, damu haiifikii yote vizuri, seli zinakufa kidogo kidogo na nafasi yake inajazwa na kovu.

Kovu ndilo tofauti kubwa kati ya vipimo hivi viwili. Vali ikibadilishwa, mvutano hupungua na mara nyingi NT-proBNP hushuka pamoja nao. Kovu lililokwisha kujazia mahali pa seli zilizokufa halirudi nyuma. Mgonjwa anaingia na moyo wenye kovu na anatoka na moyo wenye kovu, vali mpya ikiwa ndani yake. Kwa hiyo troponini iliyo juu kabla ya upasuaji inaelekeza kwenye hasara ambayo sehemu yake haitarejeshwa.

Ungetegemea basi kwamba tukiwachagua watu kwa troponini na kuwabadilishia vali mapema, tutawaokoa. Jaribio la EVOLVED, lililochapishwa 2024, lilifuata takriban njia hiyo: watu wasio na dalili walichujwa kwa troponini I au kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wakapigwa picha ya MRI ya moyo, na waliokutwa na kovu wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wabadilishiwe vali mapema, nusu wafuatiliwe. Walikuwa 224. Katika lengo kuu, yaani kifo au kulazwa ghafla kwa sababu ya vali, tofauti kati ya makundi haikuthibitika. Kundi lilikuwa dogo, na mjadala haujafungwa, lakini somo lake nalichukua kwa uzito: kujua nani yuko hatarini na kujua nini kitamwondoa hatarini ni kazi mbili.

Ningeomba troponini kwa sababu nyingine, ya kawaida kabisa. Baada ya kufungua kifua, troponini ya kila mgonjwa hupanda, maana moyo umesimamishwa na kukatwa. Baada ya TAVI pia hupanda kwa wengi. Kama hakuna namba ya kabla, ile ya baada haina cha kulinganishwa nacho. Kichupa kimoja kabla ya siku yenyewe kinatosha.

Watatu wanaodharauliwa

Himoglobini inayobeba oksijeni, albumini iliyo protini kuu ya damu, na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Vipo karibu kila maabara, ni vya bei nafuu, majibu hutoka siku hiyohiyo, na kwa sababu hiyo watu huvipita haraka kwenda kuulizia vyenye majina marefu. Mimi nasema viangaliwe kwanza.

Utafiti wa FRAILTY-AVR wa mwaka 2017 ulifuatilia wazee 1,020 waliobadilishiwa vali ya aota, kwa kufungua kifua au kwa TAVI, na kulinganisha mizani saba za kupima unyonge wa mwili. Iliyoshinda katika kutabiri kifo ndani ya mwaka mmoja ilikuwa fupi kupita kiasi, yenye alama 5 tu. Albumini chini ya 3.5 g/dL, alama 1. Himoglobini chini ya 13 g/dL kwa mwanaume au chini ya 12 kwa mwanamke, alama 1. Akili kupungua, alama 1. Na kiti.

Hicho kiti kinastahili kuelezwa. Bibi anakaa kwenye kiti cha kawaida kisicho cha magurudumu, anakunja mikono kifuani, anaambiwa ainuke na kukaa mara 5 bila kushika popote. Muuguzi anashika saa. Mara ya kwanza anainuka vizuri, mara ya pili anasogea mbele ya kiti ili apate nguvu, mara ya tatu mkono unatoroka kifuani kutafuta paja. Akichukua sekunde 15 au zaidi, alama 1. Akishindwa kumaliza, alama 2. Basi. Alama mbili kati ya tano zimetoka kwenye damu, na vipimo hivyo viwili vya damu ni vile ambavyo tayari viko kwenye faili lake.

Uzito wa vipimo hivi kwangu unatokana na kwamba vinauliza "kwa nini?" na swali hilo lina majibu yanayoshikika. Himoglobini ikiwa 9.6, kuna upungufu wa madini ya chuma? Figo hazitengenezi homoni ya kuchochea damu? Kuna mahali panavuja? Na hapa kuna jambo zuri sana la kujua. Damu inapojipenyeza kwenye vali iliyobana, nguvu ya msukumo huikunjua protini ya kugandisha damu iitwayo von Willebrand, na vipande vyake vikubwa, ambavyo ndivyo vyenye kazi, hukatwa. Mzee mwenye vimishipa dhaifu kwenye utumbo huanza kuvuja damu kidogo kidogo bila hata kuona. Daktari Edward Heyde aliandika kuhusu watu hao mwaka 1958, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Vali ikibadilishwa, protini hurudi na mara nyingi uvujaji hupungua. Kwa hiyo himoglobini ya chini, ambayo kwenye orodha inaonekana kama sababu ya kumwogopea mgonjwa upasuaji, wakati mwingine ni sababu ya kuuharakisha.

Tahadhari moja. Kurekebisha namba hakuleti faida kwa kila hali. Jaribio moja la kuwapa wagonjwa madini ya chuma kwenye mshipa kabla ya TAVI lilijaza akiba yao ya chuma, lakini uwezo wao wa mazoezi haukuongezeka. Chanzo cha upungufu ndicho cha kutafuta.

Albumini ni hivyohivyo. Hutengenezwa na ini na hudumu wiki tatu hivi, kwa hiyo haielezi jana, inaeleza mwezi. Ikiwa 3.0, mtu anaweza kuwa hali chakula cha kutosha, ana uvimbe mwilini wa muda mrefu (yaani inflammation, si uvimbe wa kushikika), anapoteza protini kwenye mkojo, au maji yamezidi mwilini na kuizimua. Kuitia kwa dripu hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo. Mtu wa lishe, mazoezi ya miguu yanayosimamiwa, kupunguza maji kwa dawa: hizo ndizo kazi zinazofuata.

Kreatinini ina mtego wake. Hutokana na misuli, na mzee aliyepoteza misuli anaweza kuonyesha kreatinini ya kawaida huku figo zikiwa zimechoka. Akiwa mwembamba sana, ulizia sistatini C, protini nyingine inayoonyesha kazi ya figo, ambayo haitegemei misuli kwa kiasi hicho. Hili lina maana ya vitendo, kwa sababu dawa ya kung'arisha picha, inayotumika kupanga na kufanya TAVI, huzielemea figo.

Vyenye majina makubwa

GDF-15 ndiyo nguli wa kundi hili. Ni protini ambayo seli za viungo vingi huitoa zikiwa kwenye dhiki, na katika tafiti za waliobadilishiwa vali imetabiri vifo vizuri, mara nyingine ikiongeza kitu juu ya NT-proBNP na mizani za kawaida. Tatizo ni kwamba dhiki ya seli ina sababu mia. Saratani huipandisha, uvimbe huipandisha, umri huipandisha, na metifomini, dawa ya kisukari inayotumiwa na mamilioni, huipandisha vilevile. Ikirudi juu, daktari hana dawa ya GDF-15 wala chanzo kimoja cha kufuatilia. Kwa mtafiti ni hazina. Kwa familia iliyokaa kwenye benchi la kliniki, ni habari mbaya isiyo na kazi ya kufanya.

ST2 ya kwenye damu, protini inayopanda moyo ukiwa kwenye mvutano, ina sifa moja inayoipa ubora juu ya NT-proBNP: figo na unene haviiyumbishi sana. Kwa mgonjwa mwenye figo mbovu ambaye NT-proBNP yake imekuwa kelele tupu, mpaka wa 35 ng/mL unaotumika kwenye moyo kushindwa unaweza kusaidia, pale kipimo kinapopatikana. Galektini-3, inayohusishwa na makovu, inategemea figo sana, ningeiacha.

CA-125 nitaikalia kidogo, kwa ajili ya hofu inayoleta. Wengi wanaijua kama kipimo cha saratani ya ovari. Lakini hupanda pia pale maji yanapojaa kwenye utando wa mapafu na tumbo kwa sababu ya moyo, kwa wanaume na wanawake, na katika tafiti za TAVI iliyo juu iliendana na matokeo mabaya zaidi. Haiyumbishwi sana na figo wala umri, na hushuka taratibu maji yakipungua. Mama akiona CA-125 yake imepita 35 kabla ya upasuaji wa vali, aulize kwanza kuhusu maji mwilini kabla hajaanza kujiaga.

CRP, kifupi: inagundua uvimbe na maambukizi. Ikiwa juu, tafuta jino bovu, mkojo, kidonda, kifua. Vali mpya haipaswi kuwekwa kwenye mwili wenye bakteria kwenye damu. Kwa utabiri wa miaka, usiitegemee.

Kabla ya kuamini "mara mbili"

Ukisoma kwamba kipimo fulani kikiwa juu hatari ya kifo ni mara mbili, uliza mara mbili ya nini. Mara mbili ya wawili kati ya mia ni wanne. Tisini na sita bado wako hai. Uliza pia kipimo kinatenganisha vipi watakaofariki na watakaoishi. Watafiti hutumia namba inayoanzia 0.5, sawa na kurusha shilingi, hadi 1, yaani bila kukosea kamwe. Kipimo kinaweza kuhusiana na vifo kwa uhakika wa kitakwimu na bado kusogeza namba hiyo kwa nywele. Vipimo kadhaa vinavyosema mambo tofauti, vikihesabiwa pamoja, hufanya vizuri kuliko kimoja kinachorudiwa. Moyo unaovutwa, misuli inayokufa, mwili usio na akiba: wawakilishi watatu, NT-proBNP, troponini na albumini, wanatosha kwa wengi.

Kwa hiyo, uchaguzi

Kama vali imekaza vibaya, hakuna dalili, na swali ni lini, chukua NT-proBNP au BNP, rudia baada ya miezi kadhaa kwa kipimo kilekile, na mwelekeo upewe uzito kuliko namba moja.

Kama dalili zipo na swali ni kama mzee atahimili, anza na himoglobini, albumini, kreatinini, na kiti. NT-proBNP ifuate. Namba mbaya hapa zisitumiwe kumfungia mtu mlango peke yake. Zitumike kupanga wiki chache za maandalizi, na kuongea naye kwa ukweli kuhusu anachotarajia. Mzee anayetaka tu kutembea mpaka mlangoni bila kuhema ana haki ya kujibiwa swali lake mwenyewe.

Kama figo ni mbovu sana, usihukumu kwa NT-proBNP wala troponini T moja. Linganisha mgonjwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Na baada ya vali kubadilishwa, msisahau damu. NT-proBNP ya mwezi mmoja baadaye, ikiwekwa kando ya ile ya kabla, ina maana kubwa. Ikiwa haijashuka, au imepanda, kuna orodha fupi ya kupitia: vali mpya inavuja pembeni? Mapigo yamepoteza mpangilio? Figo zimeumia? Vali ya mitrali nayo ni mbovu? Echo, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, itajibu mengi kati ya hayo. Na kama himoglobini nayo inashuka, macho yana unjano na mkojo umekuwa mweusi, omba LDH (kimeng'enya kinachomwagika seli zikipasuka) na haptoglobini (protini inayozoa himoglobini iliyomwagika): damu inayochuruzika kwa kasi pembeni ya vali huweza kupasua seli nyekundu, LDH ikapanda na haptoglobini ikatoweka, hata pale mgonjwa anaposema anajisikia mchovu kidogo tu.